Dakika Ishirini na Tano

4 Februari

Mpwa wangu,

Barua yako imefika ikiwa imechoka kuliko mimi. Siku kumi na moja. Kupanda ndege inapanda, maana magunia ya posta nayaona yakipakuliwa kwa macho yangu. Baada ya hapo sijui inakwenda kupumzika kwa nani.

Mimi sijambo. Goti la kushoto bado linatabiri mvua na bado linakosea. Paka wa jirani amehamia kwangu bila kuaga alikotoka, nami sijamuuliza sababu, kila mtu ana mambo yake. Kazini ni salama. Hakuna kilichoungua mwaka mzima, na mkuu wetu anasema hiyo ndiyo sifa ya kikosi, ingawa mimi sioni tulichofanya. Umeuliza kwa nini mistari yangu siku hizi inapanda mlima. Meza ina mguu mfupi. Nimeuwekea kipande cha ubao.

Haya, tuje kwenye jambo lako, ambalo umelificha ukurasa wa tatu, chini kabisa, baada ya habari za mashine yenu mpya ya kukatia karatasi, kama mtu anayepitisha kitu mbele ya walinzi. Unasema yupo mwanamume. Unasema ni fundi wa lifti, kampuni yake inamleta huku kwetu kila Jumatatu kutazama lifti za majengo marefu, na kila Ijumaa anarudi kwenu. Kwa hiyo ni mtu wa kupanda na kushuka, hata akiwa ardhini. Unasema anataka kukuoa, na kwamba hutasema ndiyo mpaka mimi niseme kwanza. Hapo umefanya vizuri. Tangu dada yangu alipokuacha mikononi mwangu una miaka sita, sijakunyima kitu isipokuwa ile baiskeli.

Ila kuna maneno yako yamenikaa kooni. Umeandika: anasema ni karibu tu, dakika hamsini na tano angani na ameshafika.

Mwanangu, kati ya uwanja wenu na wetu ni kilometa mia sita na kumi, na ndege inachukua saa moja na dakika ishirini. Mimi nimekaa kwenye kituo cha zimamoto cha uwanja huu miaka ishirini na tatu. Zimamoto wa mahali pasipoungua ana kazi gani zaidi ya kutazama saa? Ikiondoka kwenu saa mbili kamili, hapa inagusa chini saa tatu na dakika ishirini. Upepo ukiwa mbaya, na ishirini na tano. Mtu aliyewahi kukaa ndani ya ile ndege hawezi kusema hamsini na tano.

Sasa niambie, hizo dakika ishirini na tano anaziacha wapi?

Na la pili. Anatua hapa kila Jumatatu, anapita hatua mia mbili kutoka kwenye benchi langu, na hajawahi kuja kusema shikamoo. Fikiri juu ya hilo ukiwa unasahihisha vitabu vya watu.

Mjomba wako

19 Februari

Shikamoo Mjomba,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili kwa kalamu nyekundu mkononi, mazoea ya kazi. Makosa ya tahajia hakuna. Makosa mengine tutayaona.

Mimi mzima. Chumba chetu cha wasahihishaji wametuongezea taa, kwa hiyo sasa tunaona vizuri jinsi dari inavyobanduka. Wiki hii nimesoma kitabu cha ufugaji wa nyuki, kurasa mia mbili, na nimekuta nyuki mmoja ana miguu minane. Mwandishi anasisitiza alimhesabu mwenyewe. Kwa hiyo usidhani wewe ni mtu wa kwanza kuniambia kwamba amehesabu.

Kuhusu dakika: nilimuuliza. Akasema, "Hamsini na tano, labda hamsini na saba." Hakushtuka, hakutoa jasho, aliendelea kumenya chungwa. Nikamuuliza kwa nini hajaja kukusalimia. Hapo ndipo aliposita. Akasema mtaonana tu, siku ipo, kisha akaanza kuyasifu mapazia yangu. Mjomba, mapazia yangu hayana la kusifiwa, wewe unayajua, uliyanunua mwenyewe.

Sikufichi, hilo la mapazia limenikera.

Lakini pia nakuomba umtendee haki. Ni mtu mtaratibu. Akija hapa anaacha viatu mlangoni vikiwa vimeelekea nje, tayari kuondoka, na anaondoka kwa wakati. Tumefahamiana tangu Julai, na sijamkuta na neno lililopinda. Naweka picha yake ndani ya bahasha hii. Yeye ni huyo mrefu aliyesimama kama anasubiri kupimwa. Siku ya Jumatatu kaa kwenye benchi lako, umtazame akishuka, uniambie unaona nini. Barua zenyewe naendelea kukutumia kwa posta. Sitaki abebe maneno yanayomhusu mwenyewe.

Nataka tuoane Septemba. Bila neno lako sitaki. Sikuambii hivi kukubembeleza, ni kwamba sina mtu mwingine wa kunipa hilo neno.

Na mbona huji? Mfanyakazi wa uwanja anapewa tiketi moja ya bure kila mwaka, uliniambia mwenyewe. Saa moja na dakika ishirini, au hamsini na tano, vyovyote iwavyo ni karibu.

Mpwa wako

11 Machi

Mpwa wangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kujibu kwa ushahidi. Goti zima. Paka amezaa watatu, sasa naelewa kwa nini alihama.

Nimekaa Jumatatu tatu. Nimetoa benchi nje, nikaligeuza likaelekea uwanjani, picha yako kifuani. Kila ndege ya kwenu ilipotua, mapanga yake mawili yakizunguka mpaka yanasimama, nikahesabu watu kwenye ngazi. Jumatatu ya kwanza arobaini na wanne. Ya pili thelathini na tisa, mmoja wao mtoto wa kubebwa. Ya tatu arobaini na mmoja. Walikuwepo wafupi, wanene, mapadri wawili, bibi mmoja aliyegombana na mwavuli wake. Huyo bwana wa kusubiri kupimwa hakuwepo.

Sisemi mengi. Nasema mambo mawili tu. Ama anapanda gari na kwenda mji mwingine kabisa, ambako pengine kuna mapazia mengine anayoyasifu. Ama haendi popote, na Jumatatu hadi Ijumaa yuko hapo hapo mjini kwenu, mtaa wa tatu kutoka kwako. Ndiyo maana muda wa safari hajui. Ameukisia.

Kama huniamini, mpe mtihani. Mwulize: mtu akishuka ngazi ya ndege huku kwetu, kituo cha zimamoto kiko mkono gani, na kina magari mangapi? Jibu ni mkono wa kushoto, magari mawili mekundu. Hata kipofu aliyepita pale mara moja anajua.

Tiketi ya bure ipo. Zamu zangu ndizo hazinipi nafasi. Tutaona.

Mjomba wako

28 Machi

Shikamoo Mjomba,

Habari za nyumbani ni kwamba bomba la jikoni linavuja na sijamwita mtu, maana aliyekuwa akinitengenezea nimemwambia asije kwa wiki mbili.

Nilimpa mtihani wako. Ijumaa alipofika, hata koti hajavua, nikamwuliza mkono gani, magari mangapi. Akasema, "Mkono wa kulia. Gari moja, la njano."

Nikamwambia amekosea yote matatu, na kwamba mjomba wangu anakaa pale kila siku ya Mungu. Unajua alijibu nini? Hakubisha. Alikaa chini, akavitazama viatu vyake, akasema, "Mjomba wako yuko sahihi kwa upande wake." Basi. Nikamwambia aeleze maana yake, akasema si yake kueleza. Mtu asiye na kosa hupiga kelele, Mjomba, si ndivyo? Huapa kwa mama yake. Huyu alifunga vifungo vya koti ambalo hakuwa amelivua, akaondoka.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu ambaye simpendi. Alisahau skafu yake hapa, nimeinusa kama mbwa wa forodha. Nimepita mtaa wa tatu kutoka kwangu nikisoma majina kwenye kengele za milango. Kazini nilipitisha kosa kwenye jalada la kitabu, msimamizi akaniuliza kama ninaumwa.

Nimeacha kuzungumzia Septemba. Dada wa kazini aliyekuwa anishonee gauni nimemwambia asubiri, naye ameanza kunitazama kwa ile huruma ya watu waliokwisha kujua.

Njoo, Mjomba. Badilishana zamu na mtu. Njoo ukae naye uso kwa uso hapa kwangu, umwulize wewe. Mimi nikimwuliza sijui kama nasikia majibu yake au nasikia barua zako.

Mpwa wako

15 Aprili

Mpwa wangu,

Pole. Nimesikitika, ingawa sikushangaa.

Gari la njano. Hivi zimamoto na njano wapi na wapi? Afadhali angenyamaza.

Usilie. Bora kujua Machi kuliko kujua Desemba. Wewe una kazi, una chumba chenye taa mpya, una akili ya mama yako. Wanaume wa kupanda na kushuka wapo wengi, hata wa kukaa mahali pamoja wapo.

Kuja siwezi kwa sasa. Kuna mafunzo, kisha mwenzetu mmoja yuko likizo, kisha tunakaguliwa. Barua hii ni fupi kwa sababu taa ya chumbani ina matatizo.

Mjomba wako

6 Mei

Shikamoo Mjomba,

Natumaini taa imepona.

Jana waliniletea mezani kazi ndogo, ukurasa mmoja unaokunjwa mara tatu. Ni ratiba mpya ya shirika la ndege, sisi ndio tunaowachapia. Ratiba ni kazi mbaya sana kusahihisha, haina hadithi, ni tarakimu tu, na tarakimu moja ikikosewa watu mia wanabaki na masanduku yao barabarani. Kwa hiyo huwa naisoma kwa rula, mstari kwa mstari.

Mstari wa nne ni safari ya kutoka hapa kuja huko. Kuondoka saa mbili kamili. Kufika saa tatu kasoro dakika tano.

Nikadhani ni kosa. Nikalizungushia duara jekundu, nikaandika pembeni: saa moja na dakika ishirini, thibitisheni. Mtu wa shirika aliyekuja kuchukua karatasi akacheka. Akasema hiyo ilikuwa enzi za ndege za mapanga. Waliziondoa Machi ya mwaka jana, miezi kumi na minne sasa, na hizi mpya hazina panga hata moja. Nikamwuliza kama anaufahamu uwanja wa kwenu. Anaufahamu, huenda kila mwezi. Nikamwuliza kituo cha zimamoto kiko wapi. Akasema walikihamishia upande wa kulia walipopanua jengo la abiria, na gari lao jipya ni moja, kubwa, la njano.

Nilirudi mezani. Nikatoa barua yako ya Machi, nayo nikaisoma kwa rula. Jumatatu tatu. Mapanga mawili yakizunguka mpaka yanasimama. Arobaini na wanne, thelathini na tisa, arobaini na mmoja. Hata bibi wa mwavuli nilimwona mimi, Mjomba, jinsi ulivyomwandika vizuri.

Nina swali moja tu, na sikuandikii kwa hasira, bado. Jumatatu zile tatu ulikuwa umekaa wapi?

Mpwa wako

2 Juni

Mjomba,

Siku ishirini na saba. Najua barua yangu umeipata, kwa sababu hii ya leo siitumi tena kwenye sanduku la posta la kituo, ambalo naambiwa umemwachia mwenzako ufunguo ili akuletee barua nyumbani kwa siri. Anwani iliyo juu ya bahasha hii unaifahamu. Chumba cha uani, nyuma ya duka la matairi, upande wa pili wa mji. Nimepewa na fundi wa lifti.

Nilimwita. Nikamwekea mbele ratiba ya ndege. Nikamwambia asiposema leo asirudi, hata kwa skafu. Akasema yote, akiwa amesimama, na mimi nayaandika hapa ili uyaone jinsi yanavyoonekana yakiwa kwenye karatasi.

Novemba, safari yake ya kwanza kuja huko, alikwenda moja kwa moja kituoni akiwa na zawadi yako mkononi. Wakamwambia umestaafishwa tangu Januari. Mlipimwa macho, la kulia likaonekana limekwisha na la kushoto liko njiani. Presha ya macho, hairudi nyuma. Wakakupa cheti na saa ya ukutani. Nyumba ya kikosi ukaiacha mwezi huo huo. Mwenzako huyo wa ufunguo ndiye aliyemwelekeza dukani. Akafika mpaka uani. Akakukuta umekaa kwenye kiti, barua yangu umeiweka karibu na pua, unaisoma neno moja moja kwa lenzi. Akasimama hapo. Halafu akageuka akaenda zake.

Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Ulikuwa umeniambia mjomba wako yuko kazini. Nikajua hajakuambia. Nisingeweza kuwa mtu wa kwanza kumwona hivyo."

Kwa hiyo ulipoandika kwamba ni mwongo, alijua unachofanya. Nilipomfukuza, alijua. Alikubali niseme mtaa wa tatu kuna mke mwingine, na angeweza kunyoosha kidole mara moja tu akamaliza.

Mimi si mtoto, naona kwamba ni jambo zuri. Ndilo linalonitisha. Wewe nimekusamehe, Mjomba. Nimekusamehe kabla sijaimaliza barua hii, kwa sababu nimekujua miaka ishirini na tisa na najua uongo wako unakaa wapi. Yeye nimemjua miezi kumi na moja, na saba kati ya hiyo alikuwa na jambo zito kifuani, anakula machungwa yangu, anasifu mapazia, usoni hakuna kitu. Mtu anayeweza kunificha jambo kwa wema miezi saba, kwa ubaya atanificha miaka mingapi?

Nimemwambia sitaki kumwona mpaka nijue. Sijui nitajuaje.

Usiniandikie habari za goti.

Mpwa wako

24 Juni

Mpwa wangu,

Huu mwandiko si wangu, nawe unaufahamu ni wa nani, kwa hiyo usiitupe barua kabla hujaisoma. Jicho la kushoto tangu Aprili limenipa notisi. Barua yako ya mwisho muuza matairi alinisomea, akiwa na mteja dukani, na mteja naye alikaa kusikiliza mpaka mwisho na kutikisa kichwa. Sikuipenda hadhira ile.

Jumatatu iliyofuata mtu akabisha hodi. Nikaona kivuli kirefu mlangoni. Nikamwambia kama ni wewe ingia, kama si wewe nenda. Akaingia, akasema shikamoo. Nikaiacha ining'inie kidogo, halafu nikamwambia marahaba, umechelewa miezi saba. Akasema ndege ilichelewa. Tangu hapo anakuja kila jioni, na leo nimempa kalamu. Ameapa kuandika ninachosema, si zaidi wala si pungufu.

Kwanza langu. Yote uliyoandika ni kweli. Sikukuambia kwa sababu ungeacha kazi uje kuniongoza njia kwa mkono, au ungenivuta kwako nikawe wa kuwekwa pembeni, nikae kwenye kiti wageni wakija waambiwe huyu ndiye mjomba. Nikasema nitakuambia kesho. Kesho zikawa nyingi. Halafu ukaandika kwamba yupo mtu anayepita kwenye uwanja ule kila wiki, na mtu huyo akiuliza swali moja tu mlangoni mimi nimekwisha. Ndipo nikamhitaji awe mwongo. Si kwamba niliona dalili, nilizitafuta. Ile picha uliyonitumia niliishika juu chini mpaka muuza matairi akaigeuza. Nikamwuliza anaona mtu gani. Akasema mtu wa kawaida. Nilikasirika nusu siku.

Na zile dakika nilikuwa na hakika nazo, nakuapia. Kila kitu kingine nilikitunga, zile sikuzitunga. Hicho ndicho kitu cha pekee nilichokuwa nikikijua kuliko watu wote wa mji huu, na wamekibadilisha bila kuniambia. Nikuambie na hili, ndani ya ndege sijaingia maisha yangu yote. Miaka ishirini na tatu nimezitazama zikija. Tiketi za bure niliwapa wenzangu.

Sasa lake, nawe umsikilize shahidi mbaya.

Mwandishi huyu ananuna akifungwa karata. Hana sauti ya kuimba na anaimba. Lifti anaziamini, ndege anaziogopa. Nimembana akakubali kwamba dakika zote hizo hamsini na tano hufumba macho na kushika kiti. Sasa hivi amesita, nimesikia kalamu imenyamaza, nimemwambia aendelee. Mtu anayeogopa hivyo na kila Jumatatu anapanda, mimi simwiti mwoga, ila sijapata jina lake. Chai anachemsha vibaya.

Jana nilimwuliza kama kuna jambo lingine lolote ambalo hujaambiwa. Akanyamaza. Mimi sioni nyuso, lakini kimya cha watu nimekisikiliza sana miaka hii miwili, na kile kilikuwa kimejaa. Nikamwambia toa. Akatoa. Kampuni inamhamisha kuanzia Januari. Si huku kwangu wala huko kwako, ni mji wa tatu, saa tatu nzima kwa ndege. Barua ya uhamisho anayo tangu Aprili, ndani ya zile wiki mbili ulizomwambia asije. Alifikiri kukuambia ukiwa umepoa. Halafu alifikiri kukuambia baada ya harusi, na hapo nilimkatiza.

Nikamwambia hilo liandike. Akasema atakuambia mwenyewe. Nikamwambia mimi nami nilisema hivyo hivyo, tangu Januari ya mwaka jana, na nitazame nilipo. Andika. Akaweka kalamu chini. Nikamsubiri. Akaichukua.

Neno langu ulilokuwa ukilisubiri ni hili: kwa upande wangu aweza kukuoa. Lakini neno la mtu aliyekudanganya lina uzito gani sijui, kwa hiyo mwisho kabisa lipime mwenyewe.

Mjomba wako, na chini hapa nimeandika kwa mkono wangu ili ujue nilikuwepo, kama mstari umepanda mlima usamehe

9 Julai

Shikamoo Mjomba,

Najua barua hii unasomewa, na najua na nani. Kwa hiyo wewe unayesoma, vuta kiti karibu naye, usiharakishe, na ukifika mahali pako usiruke.

Mjomba, kwanza habari. Bomba la jikoni nimelitengeneza mwenyewe, linavuja kidogo kuliko zamani. Kitabu cha nyuki kimetoka, miguu ni sita. Nimeomba likizo ya wiki mbili Agosti na nimepewa. Nakuja. Sitakuongoza kwa mkono usipotaka, na sitakuvuta kwangu. Tutakaa hapo uani na hao paka, tuzungumze unataka kuishi vipi, na utakalosema ndilo tutakalofanya. Ila nitakuwa nakutazama usoni, na unajua mimi nasoma kwa rula.

Neno lako nimelipokea. Nimelipima kama ulivyosema. Limepungua kidogo, linatosha.

Sasa zamu yako wewe unayesoma.

Barua ya Mjomba nimeikagua siku nne. Nilianza kwa kutafuta mahali ulipojipendelea. Nilidhani nitakuta neno laini ambalo si la mjomba wangu, sifa iliyopachikwa, kasoro iliyopunguzwa makali. Nimekuta kwamba unanuna, huwezi kuimba na chai yako ni mbaya. Yote kwa mwandiko wako mzuri, bila hata nukta iliyokosewa.

Halafu nikafika kwenye uhamisho. Wino hapo umetuama, inaonekana kalamu ilikaa juu ya karatasi muda mrefu kabla haijatembea. Nikalitazama lile doa nikafikiri: yule mzee haoni. Alikaa pale akiamini kwamba kinachosemwa ndicho kinachoandikwa. Huyu angeweza kuandika habari za mvua, akasema ameandika, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Aliandika.

Siku zote hizi nilikuwa natafuta namna ya kujua unafanya nini pale ambapo hakuna anayekuona. Sasa najua mara moja. Mara moja si nyingi, lakini ndiyo niliyo nayo.

Hilo la saa tatu kwa ndege tutaligombania. Nina hasira nalo na sijaimaliza. Nitaileta Agosti, pamoja na skafu yako. Mimi kazi yangu naipenda, na huo mji wa tatu sijui kama wanachapa hata tangazo la msiba. Usidhani nimekubali kuhama. Nimekubali kugombana na wewe juu ya jambo hilo, uso kwa uso, miaka yote itakayohitajika. Na ukipata jambo lingine la kunificha kwa faida yangu, uniambie siku hiyo hiyo, hata kama nimekuambia usije. Hasa siku hiyo.

Jibu langu ni ndiyo. Lisome kwa sauti. Nitamwuliza Mjomba kama alilisikia.

Mpwa wako